Mtwara hadi Ho Chi Minh City: kilomita za mtandaoni na saa utakazosafiri kweli

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam, hasa ndugu zangu wa kusini.

Kuna swali naulizwa mara kwa mara hapa Mtwara, na nimeona bora nilijibu hadharani ili wengi wafaidike. Watu wetu wa korosho, wabanguaji wadogo, viongozi wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na vijana wanaotaka kununua mashine, wengi siku hizi wanapanga kwenda Vietnam kuona viwanda vya eneo la Binh Phuoc, kaskazini mwa Ho Chi Minh City (lilikuwa mkoa hadi 2025, lilipounganishwa na Dong Nai). Ni jambo jema, na mimi ni miongoni mwa wanaolipigania. Korosho ghafi yetu inakwenda kubanguliwa kule, kwa hiyo kwenda kuona wanavyofanya ni haki yetu.

Tatizo linaanza mtu akifungua kikokotoo cha umbali mtandaoni. Anaandika uwanja wa Mtwara, anaandika Tan Son Nhat (ndio uwanja wa Ho Chi Minh City), anapewa jibu: kilomita 7,700 na ushee, saa tisa na nusu hewani. Kichwani anajiwekea kwamba akiondoka asubuhi, usiku analala Vietnam. Analipia hoteli kwa hesabu hiyo, anamwambia mwenyeji aje kumpokea kwa hesabu hiyo, na anafunga mkoba kwa hesabu hiyo.

Namba ile si ya uongo. Ni umbali wa mstari mfupi kuliko yote juu ya mgongo wa dunia kati ya viwanja viwili. Ukichukua tufe la shuleni ukavuta kamba kutoka Mtwara hadi Vietnam, kamba itakatiza Bahari ya Hindi, itavuka ikweta karibu na visiwa vya kusini vya Maldives, itapita kusini mwa Thailand kisha itue. Sisi tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, wao wako karibu nyuzi 11 kaskazini. Kwa umbali peke yake, Vietnam si mbali kama watu wanavyodhani.

Saa tisa na nusu nazo zinatoka kwenye hesabu rahisi. Ndege kubwa ya masafa marefu ikishafika juu inakwenda kama kilomita 900 kwa saa. Ukichanganya na muda wa kupanda na kushuka, wastani unakuwa kama 850. Gawanya 7,700 kwa 850, ongeza nusu saa ya kuzunguka uwanjani kabla ya kuruka na baada ya kutua, umepata jibu lao. Lakini hizo ni saa za ndege ambayo haipo. Hakuna ndege inayotoka Mtwara kwenda Ho Chi Minh City, na hata Dar hakuna inayokwenda moja kwa moja. Kikokotoo hakijui hilo. Kinapima nukta mbili tu.

Safari yako halisi ina vipande vitatu. Mtwara hadi Dar ni kilomita 400 hivi kwa anga, kama saa moja na dakika kumi. Dar hadi Dubai ni kama kilomita 3,980, saa tano na ushee. Dubai hadi Ho Chi Minh City ni kilomita 5,600 na kidogo, kama saa saba. Jumlisha: karibu kilomita 10,000. Ukipitia Doha inafika kama 10,200. Maana yake unapandishwa kaskazini hadi nyuzi 25, kisha unateremshwa tena hadi nyuzi 11. Zaidi ya kilomita 2,000 unazosafiri ni za kuzunguka tu, na bado hatujagusa muda wa kusubiri.

Nataka tulijadili hili kwa kina kabla watu hawajalipa hela zao. Karibuni.

#2 Mdau wa Masasi

Asante mkuu, uzi umekuja wakati wake. Mimi nimechanganyikiwa na namba zenyewe. Mtandao mmoja umeniandikia 7,700, mwingine 4,800, mwingine 4,160. Ni viwanja vilevile. Nimwamini nani?

#3 Mleta uzi

Wote wako sawa mkuu. Ya kwanza ni kilomita, ya pili ni maili za kawaida za barabarani kwa Waingereza na Wamarekani, ya tatu ni maili za baharini ambazo marubani na manahodha ndio wanazotumia. Maili moja ya baharini ni mita 1,852. Imepatikana kwa kuigawa dunia: chukua nyuzi moja ya latitudo, igawe kwa 60, kila kipande ni maili moja ya baharini. Wavuvi wenye mashine za kuonyesha njia pale feri wanaifahamu vizuri.

Kwa hiyo kabla hujashangaa tofauti, angalia herufi zilizoandikwa pembeni ya namba. Na kama ni wa Masasi, kwenye hesabu yako ongeza kilomita mia mbili hivi za barabara kupitia Mingoyo kabla hujafika uwanjani. Kikokotoo hakikuwekei hizo.

#4 Dada wa Shangani

Kaka, mimi napenda mahesabu yaliyofika chini. Weka mfano wa tiketi, tuone saa moja baada ya nyingine.

#5 Mleta uzi

Sawa dada yangu. Huu ni mfano wa kujifunzia, si ratiba ya shirika lolote, kwa hiyo usiende nao kwa wakala.

Tuseme unaruka Mtwara 10:00, yaani saa nne asubuhi, unatua Dar 11:10. Ndege ya nje inaondoka Dar 16:30, saa kumi na nusu jioni, inafika Dubai 22:50. Inayofuata inaondoka Dubai 02:40 na kufika Ho Chi Minh City 12:40.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mahali pale ndege ilipo. Mtu anatoa 16:30 kwenye 22:50, anapata saa sita na dakika ishirini, anasema ndege ya Dubai ni ya pole pole. Hapana. Dubai wako mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo toa hiyo saa moja, hewani umekaa saa tano na dakika ishirini. Vietnam wako mbele ya Dubai kwa saa tatu. Kutoka 02:40 hadi 12:40 unaona saa kumi, toa tatu, zinabaki saba.

Vietnam wako mbele yetu sisi kwa saa nne. Kwa hiyo ukitua kule saa sita na dakika arobaini mchana, Mtwara ni saa mbili na dakika arobaini asubuhi ya siku hiyohiyo. Uliondoka jana yake saa nne asubuhi. Safari nzima ni saa 22 na dakika 40. Kati ya hizo, hewani ni saa 13 na nusu. Zilizobaki, saa tisa na dakika kumi, umekaa kwenye viti vya viwanja vya Dar na Dubai.

Linganisha na zile saa tisa na nusu za mtandaoni. Muda wa kusubiri peke yake unakaribia kulingana nazo. Na mfano huu ni wa ndege zinazokutana vizuri. Ukipata tiketi ya bei nafuu yenye kusubiri saa kumi na tano Dubai, utatumia siku mbili.

Kitu kingine kwenye mfano huohuo: 02:40 ni saa nane na dakika arobaini usiku, na tarehe imeshabadilika. Kama uliondoka Dar tarehe 10, ndege ya Dubai imeandikwa tarehe 11. Sisi tunasema "usiku wa tarehe 10" tukimaanisha usiku mzima hadi alfajiri, mashirika ya ndege yanabadilisha tarehe saa sita kamili usiku. Ukiona kwenye tiketi 00:30 ya tarehe 15, unatakiwa uwe uwanjani jioni ya tarehe 14. Nasisitiza hili kwa nguvu zote, maana mtu anayefika uwanjani jioni ya tarehe 15 anakuta ndege yake ilishaondoka usiku wa kuamkia siku hiyo.

#6 Mdau wa Tandahimba

Mkuu mimi ndiye kabisa mlengwa, nina mwaliko wa kwenda kuangalia mashine za kukata na kumenya. Nauliza, kwa nini tusipitie Mumbai? ATCL (Air Tanzania) si wanakwenda Mumbai? Kwenye ramani naona Mumbai iko njiani kabisa.

#7 Mleta uzi

Swali zuri sana, na jicho lako la ramani liko sahihi. ATCL walianza safari za Mumbai mwaka 2019. Dar hadi Mumbai ni kama kilomita 4,700, na Mumbai hadi Ho Chi Minh City ni 3,700 hivi. Ukijumlisha na kipande cha Mtwara, jumla ni kama 8,800. Ni fupi kuliko Dubai kwa zaidi ya kilomita 1,000. Kwa umbali, hiyo ndiyo njia bora kuliko zote tulizozitaja.

Lakini ufupi wa kilomita hauleti ufupi wa saa. Cha kuangalia ni kama ndege ya kwanza inafika wakati ambao ya pili inakaribia kuondoka, siku hiyohiyo. Dubai na Doha wamejenga biashara yao yote juu ya jambo hilo: ndege zinaingia kwa mafungu kutoka pande zote, zinabadilishana abiria, zinatoka kwa mafungu. Njia isiyopangwa hivyo inaweza kukuacha Mumbai nusu siku au zaidi. Na kama umenunua tiketi mbili tofauti, utalazimika kutoka nje kuchukua begi na kulipeleka upya kaunta, na kutoka nje India maana yake unahitaji viza ya India. Hapo gharama ya kilomita ulizookoa imeshaliwa.

Guangzhou nayo ATCL wanafika, ila kwa wewe wa Binh Phuoc ni kuipita Vietnam kisha kurudi nyuma. Jumla ingekuwa kama kilomita 10,700. Achana nayo, labda kama una shughuli China pia.

#8 Mdau wa Chikongola

Uwanja wetu umeboreshwa, lami imerefushwa hadi mita 2,800. Kwa nini tusidai ndege ya moja kwa moja? Korosho inayokwenda Vietnam inatoka hapa, si Dar.

#9 Mleta uzi

Nakuunga mkono kwa moyo mkuu, na kudai tuendelee kudai. Ila tujue tunadai nini. Lami ndefu inasaidia ndege kubwa zaidi kutua, na ndiyo maana leo hatutegemei pangaboi (ndege ndogo za mapanga) peke yake. Lakini ndege ya kwenda kilomita 7,700 inabeba mafuta mengi mno, na ili ilipe inahitaji abiria wa kuijaza. Dreamliner ya ATCL ina viti 262. Tuwapate watu hao kutoka Mtwara na Lindi, kwenda na kurudi, kila wiki, mwaka mzima? Msimu wa mnada wa korosho labda wangepatikana wa safari chache. Machi hadi Agosti je? Na korosho yenyewe haipandi ndege, inapanda meli.

Mimi ningeomba kitu kilicho karibu zaidi na uwezo wetu: ratiba ya Mtwara hadi Dar ipangwe ikutane na ndege za nje. Ndege ya asubuhi ya uhakika, kila siku, isiyobadilishwa jioni ya kuamkia safari. Hilo likifanyika, msafiri wa kusini anaokoa usiku mzima wa nyumba ya wageni Dar. Kipande hiki cha kilomita 400 ndicho kifupi kuliko vyote, na ndicho kinachoamua kama safari yako itakuwa ya saa 23 au ya siku mbili.

#10 Dada wa Shangani

Hapo umegusa kidonda. Shemeji yangu alinunua tiketi ya Mtwara hadi Dar peke yake, na ya nje peke yake kwa wakala mwingine. Ndege ya ndani ikaahirishwa, alifika Dar ile ya nje imeshafunga kaunta. Wa nje wakamwambia hawakuhusika na ndege ya ndani, wa ndani wakamwambia wamemfikisha Dar kama tiketi ilivyosema. Akanunua tiketi upya.

#11 Mleta uzi

Pole kwake dada. Na kwa bahati mbaya, kila upande ulisimama kwenye haki yake kisheria. Ukiwa na tiketi moja iliyounganisha safari yote, ndege ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, walioiuza safari wana wajibu wa kukutafutia nyingine. Ukiwa na tiketi mbili zilizonunuliwa mbali mbali, kila shirika linakuona kama abiria wa kipande chake tu. Yule wa nje hajui hata kama ulitokea Mtwara. Kwake wewe safari yako imeanzia Dar.

Kwa hiyo wakala akikuuzia, muulize waziwazi: hii ni tiketi moja au mbili? Begi langu nalichukua wapi? Akisema begi linachukuliwa Dar, ujue una safari mbili. Hapo ushauri wangu ni mmoja na siubadilishi: nenda Dar siku moja kabla. Gharama ya kulala Dar usiku mmoja ni ndogo sana ukilinganisha na tiketi ya nje iliyopotea.

Na hata ukiwa umefika mapema, kumbuka safari za nje ziko jengo la tatu pale Julius Nyerere, lile lililofunguliwa 2019. Ukishuka na ndege ya ndani, usifikiri unavuka mlango tu. Kaunta za nje zinafungwa kama saa nzima kabla ya ndege kuruka, na wewe unatakiwa uwe pale saa tatu kabla. Kwenye ule mfano wangu, zile saa tano na dakika ishirini za Dar zilionekana nyingi. Toa saa tatu za kuwahi, zinabaki mbili na dakika ishirini. Ndiyo nafasi pekee uliyonayo ndege ya Mtwara ikichelewa.

#12 Mdau wa Kilwa

Sisi wa huku Kilwa tufanyeje? Kuna mtu ananishauri niteremke Mtwara nipande ndege.

#13 Mleta uzi

Hapana ndugu yangu. Kutoka Nangurukuru, njiapanda ya kwenu Kilwa, hadi Dar ni kama kilomita 300 kwa barabara. Kuteremka Mtwara ni kwenda kusini ili urushwe kaskazini juu ya kwenu. Panda basi nenda Dar moja kwa moja. Lindi mjini ndipo pana mjadala: Mtwara ni kama kilomita 100, Dar ni zaidi ya 450. Mwenye haraka aje Mtwara, mwenye kutaka kupunguza gharama apande basi la alfajiri, lakini afike Dar jana yake.

Na wote tunaotegemea barabara tukumbuke Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga na kusini yote ikatengana na Dar. Msimu wa masika, usiweke basi na ndege ya nje siku moja. Hata kama dereva anakuapia.

#14 Mdau wa Masasi

Kurudi je? Nimeona ndege ya kutoka Vietnam kuja Dubai imeandikwa saa nyingi kuliko ya kwenda. Umbali si uleule?

#15 Mleta uzi

Umbali ni uleule, upepo ndio tofauti. Huko juu, kama kilomita kumi hivi kutoka ardhini, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na ina nguvu zaidi miezi ya baridi ya kaskazini, Desemba hadi Machi. Ukienda mashariki inakusukuma, ukirudi magharibi inakupinga. Ndiyo maana kwenda ni saa saba, kurudi inaweza kuwa saa saba na nusu au zaidi. Rubani anaweza kutafuta njia ndefu kidogo kwa kilomita ili akwepe upepo, na akafika mapema kuliko angenyoosha. Kikokotoo cha mtandaoni kinakupa saa zilezile kwenda na kurudi kwa sababu hakina habari na upepo.

Mfano wa kurudi: unaondoka Ho Chi Minh City 23:55, unafika Dubai 04:20. Kwa macho ni saa nne na dakika 25. Ongeza tatu ulizorudi nyuma, ni saa saba na dakika 25. Unaondoka Dubai 10:15, unatua Dar 14:35, hewani saa tano na dakika ishirini. Kisha uhamiaji, begi, forodha kama umebeba vipuri vya mashine. Ukitoka hapo jioni imeingia, na ndege ya Mtwara huenda ni ya kesho. Usimwahidi mtu kikao cha AMCOS siku hiyo.

#16 Mdau wa Tandahimba

Nimeelewa mkuu, Mungu akubariki. Nimebadilisha mpango: naondoka Tandahimba Jumatatu, nalala Mtwara kwa baba mdogo, Jumanne asubuhi ndege ya Dar, nalala Dar, Jumatano jioni naruka Dubai. Viza ya mtandaoni ya Vietnam nimeshaomba. Wenyeji wa kiwanda nimewaambia wanipokee Jumatano usiku.

#17 Mleta uzi

Mpango mzuri mdogo wangu, ila warudie wenyeji leo. Jumatano usiku wewe utakuwa bado uko njiani kwenda Dubai au umekaa pale unasubiri. Utatua Vietnam Alhamisi mchana kwa saa zao. Waambie Alhamisi, wape namba ya ndege ya pili na si ya kwanza, maana hiyo ndiyo wataiona kwenye ubao wa Tan Son Nhat. Kutoka hapo hadi Binh Phuoc ni barabara tena, saa kadhaa kutegemea foleni, kwa hiyo kuangalia mashine weka Ijumaa. Na tarehe uliyoandika kwenye ombi la viza iangalie kama ni ya Alhamisi. Kama uliandika kuanzia Jumatano hakuna shida, utaingia ndani ya muda wake. Kama umeiandika Ijumaa, wahi kuirekebisha kabla hujatoka Tandahimba.